Mirathi ya Kadi ya Matundu

Ukikuta kwenye faili la zamani deni limeandikwa 1234N, usidhani karani alikuwa amelewa. Hizo ni shilingi 12,345 anazodaiwa mtu, na hiyo N ni tarakimu 5 iliyobebeshwa alama ya kutoa. Tangu nistaafu nimewaeleza hivyo vijana wa kompyuta wa mashirika mbalimbali. Kila wanaponunua makabati mapya ya diski na kumimina humo data za miaka ya nyuma, herufi hizo huibuka katikati ya fedha, nao huanza kuulizana nani bado yu hai aliyewahi kushika kadi. Mimi nipo. Nilianza kazi nikitoboa kadi hapa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, nikamaliza nikiwa msimamizi wa chumba cha kompyuta cha shirika moja la umma.

Kadi yenyewe ilikuwa karatasi ngumu yenye urefu wa inchi 7 na ushei na kimo cha inchi 3 na robo. Kona moja ya juu ilikatwa mshazari, ili kadi iliyogeuzwa ionekane mara moja kwenye rundo. Ilikuwa na mistari 12 na safu 80, na kila safu ilibeba herufi moja au tarakimu moja, basi. Asili yake ni mashine za Herman Hollerith zilizohesabu sensa ya Marekani ya 1890. Kampuni yake iliungana na nyingine mwaka 1911, mwaka 1924 ikachukua jina la IBM, na mwaka 1928 ikatoa kadi ya safu 80 yenye matundu ya mstatili. Kabla ya hapo kadi zake zilikuwa na safu 45 na matundu ya duara. Uingereza nako kampuni ya Powers-Samas ilitengeneza kadi za vipimo vyake, na mashine za huyu hazikusoma kadi za yule. Kwa hiyo shida ya kubadili mashine na kubaki na kumbukumbu zisizosomeka ilikuwepo kabla kompyuta hazijazaliwa. Aliyehama kutoka kwa fundi mmoja kwenda kwa mwingine alihama na kadi zake zote kuzitoboa upya.

Safu 80 ni chache sana ukizigawa. Ndiyo maana watu walibana kila walipoweza. Tundu la tarakimu 5 lilikaa kwenye mstari wa 5. Ukitaka kiasi hicho kiwe hasi, hukupoteza safu nzima kwa ajili ya alama ya kutoa. Ulitoboa tundu la pili juu ya lile la kwanza, kwenye mstari wa 11, ndani ya safu ile ile ya mwisho. Matundu hayo mawili yakiwa pamoja ndiyo pia herufi N. Hasi 1 ni J, hasi 2 ni K, unaendelea hivyo mpaka R ambayo ni hasi 9. Mashine haikuchanganyikiwa, kwa kuwa ilikwishaelezwa kwamba safu hizi ni za fedha na zile ni za jina. Maelezo hayo hayakuwa ndani ya kadi. Yalikuwa kwenye waya za ubao wa mashine, baadaye kwenye programu, na mara nyingi kwenye kichwa cha mtu ambaye siku ya kuhama amekwishapewa mkono wa heri.

Mwaka ukapewa tarakimu mbili. Jina, kwenye kadi ya mtumishi wa shirika letu, lilipewa nafasi 20. Nadhani aliyepanga hivyo alikuwa na majina ya kwao kichwani, majina mafupi, mawili mawili kwa mtu. Sisi tulikuwa na akina Mwanahamisi Abdulrahman, na kidole chako kikifika safu ya mwisho ya jina, mashine inaruka yenyewe kwenda sehemu inayofuata. Mwanahamisi wa watu akawa MWANAHAMISI ABDULRAH. Mtu wa majina matatu alibaki na mawili, na la babu likamezwa lote.

Tulikaa wanawake watupu kwenye chumba kile, isipokuwa msimamizi. Kazi ilikuwa ya mikono miwili yenye majukumu tofauti: wa kushoto unageuza fomu, wa kulia unapiga, macho yapo kwenye fomu wala hayatazami vidole. Rundo likiisha lilihamia kwa dada mwingine, ambaye alipiga upya fomu zile zile kwenye mashine ya kuhakiki. Hiyo haikutoboa kitu. Ililinganisha tu kile anachopiga na matundu yaliyopo. Akipishana nawe inasimama na taa inawaka, na chumba kizima kinajua ni kadi ya nani. Mashine za IBM ziliikata kadi iliyopita salama kijipengo kwenye ukingo wa kulia, hivyo ukishika rundo lililohakikiwa na kupitisha kidole ubavuni unahisi mfereji mmoja ulionyooka. Kadi isiyo na pengo ilijulikana hata gizani.

Halafu kulikuwa na jumla. Kila furushi la fomu lilikuja na karatasi ya uhasibu yenye namba tatu: idadi ya fomu, jumla ya fedha, na jumla ya namba za akaunti. Hii ya tatu iliwachekesha wageni. Nani anajumlisha namba za akaunti? Ukichukua akaunti 104417 ukaongeza 220983 unapata 325400, ambayo si akaunti ya mtu wala si fedha ya mtu. Lakini akaunti moja ikiandikwa badala ya nyingine yenye kiasi kile kile, jumla ya fedha inaweza kukubali na idadi ikakubali, na ile jumla isiyo na maana ikakataa. Nimeona wahandisi wenye shahada wakihamisha data za kampuni nzima kwa kutazama idadi ya rekodi tu. Wanakuta milioni kadhaa huku na milioni kadhaa kule, wanapeana mikono. Mhasibu wa mwaka 1972 aliyekuja kazini kwa baiskeli asingepokea furushi la namna hiyo.

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, nayo ni ICT 1500, jina la Kiingereza juu ya mashine iliyoundwa Marekani na kampuni ya RCA. Kwa bahati nzuri shilingi yetu ilikuwa na senti 100 tangu miaka ya 1920. Waingereza wenyewe walikuwa bado na pauni ya shilingi 20 na shilingi ya peni 12, na walipoachana na hesabu hiyo, benki zao zilifungwa kuanzia Jumatano jioni ya tarehe 10 Februari 1971 mpaka Jumatatu ya tarehe 15, makarani na mashine wakigeuza salio moja baada ya jingine. Hilo sisi lilitupita.

Letu lilikuja kwa njia nyingine. Februari 1967, siku chache baada ya Azimio la Arusha, mabenki yalitaifishwa na biashara yao ikaunganishwa katika Benki ya Taifa ya Biashara. Barclays, Standard, National and Grindlays na wenzao kila mmoja alikuwa na leja zake na namna yake ya kuandika mteja. Kuhama huko hakukuwa na kompyuta ya kukusaidia. Kulikuwa na kalamu, mashine ya kujumlishia na uvumilivu. Miaka 30 baadaye, 1997, benki hiyo hiyo ikagawanywa, NMB ikaenda zake, na wateja wakagawanywa pia.

Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni pamoja na vifaa vyake, ila kwa kibali maalumu. Wengi hukumbuka televisheni, kwa kuwa Bara ilikaa bila matangazo yake mpaka miaka ya 1990 huku Zanzibar ikiangalia ya rangi tangu 1973. Upande wa kompyuta sababu ilikuwa chungu: hesabu za serikali zilihamishiwa kwenye mashine, zikavurugika, fedha nyingi zikapotelea humo. Leo ni mtindo kuicheka marufuku ile. Mimi siicheki sana. Aliyeitoa alikuwa ameona kwa macho nini hutokea mashine ikibadilishwa kabla daftari halijaeleweka. Ninachokilaumu ni dawa yenyewe. Mashine zilizokuwepo zilizeeka mikononi mwetu, vipuri vikawa vya kuombea kibali, na kadi ziliendelea kutumika kwetu muda mrefu baada ya wenzetu kuzichoka.

Wenzetu walizichoka kwa sababu ya nafasi. Kampuni ya bima ya Metropolitan Life ya New York ilikuwa na ghorofa tatu za jengo zilizojaa kadi, na iliwaambia IBM wazi kwamba haiwezi kuendelea hivyo. UNIVAC ilikuwa imekwishatoka mwaka 1951 na tepu zake za chuma. IBM ikafuata mwaka 1952 na mashine ya tepu namba 726, ya plastiki iliyopakwa sumaku. Kampuni za bima ndizo zilizokuwa na hamu kubwa kuliko wote, na ndizo zilizokuwa na woga mkubwa. Kadi unaishika, unaiinua kwenye mwanga, unaona tundu. Tepu ni utepe wa kahawia usiosema neno. Mtu aliyeweka bima ya maisha kwa miaka 40 anabaki kuwa doa la sumaku lisiloonekana kwa macho.

Kwa hiyo walihamisha kwa kunakili kadi kama ilivyo: kadi moja, rekodi moja ya herufi 80. Hapo chombo kipya kilianza kuvaa nguo za marehemu. Tepu ya duru ya futi 2,400, iliyozoeleka miaka ya 1960, iliweza kuandika herufi 800 katika inchi moja. Herufi 80 zilichukua sehemu moja ya kumi ya inchi. Lakini mashine ilihitaji nafasi tupu kati ya rekodi na rekodi ili isimame na kuondoka tena, nayo kwenye tepu za njia tisa ilikuwa inchi 0.6. Piga hesabu: sehemu moja imeandikwa, sehemu sita ni tupu. Duru nzima ilibeba rekodi kama 41,000 tu. Ukifunga kadi kumi pamoja katika rundo moja, duru ile ile inabeba 180,000. Jambo hilo si la siri, lilikuwa kwenye kila kitabu cha mafunzo, na bado nimewahi kupokea tepu za watu zilizoandikwa kadi moja moja, mwendo wote.

IBM ilipotangaza System/360 tarehe 7 Aprili 1964, ilibadilisha karibu kila kitu kwa mpigo. Herufi zilizokuwa na biti sita zikawa na biti nane, tepu za njia saba zikawa za njia tisa. Maelfu ya kampuni yalikuwa yakitumia IBM 1401, mashine ndogo ya mwaka 1959 iliyopendwa kupita kiasi. Yangefanya nini na programu zake? IBM iliweka ndani ya mashine mpya uwezo wa kujifanya 1401, na kampuni nyingi zikanunua mashine ghali ya kisasa, zikaiwasha, zikaiamuru iigize ile ya zamani. Zilikaa hivyo miaka. Simlaumu mtu, mshahara wa mwisho wa mwezi haungoji programu mpya.

Sisi tulipohamia kwenye tepu, tuliendesha vyote viwili sambamba. Mishahara ilichapwa mara mbili, kwa kadi na kwa tepu, na orodha mbili zikalazwa mezani, mtu mmoja anasoma, mwingine anaweka alama. Ilichosha, kwani kazi iliongezeka maradufu na watu walikuwa wale wale. Dada zangu wengine hawakuipenda tepu hata kidogo, na walikuwa na haki: kila aliyejua kuhesabu aliona kwamba meza za kutobolea zitapungua. Waliobahatika walifundishwa kuingiza data kwa kibodi na kioo, na kioo chenyewe, atakayetaka athubutu kuhesabu, kilikuwa na herufi 80 kwa mstari. Kadi zilizobaki bila kutobolewa ziligeuka karatasi za kuandikia orodha ya sokoni, na mpaka leo nina chache zenye hesabu ya mchele na mafuta ya taa nyuma yake.

Kuhusu tepu, pwani haikuzihurumia. Gundi iliyoshikiza unga wa sumaku kwenye tepu nyingi za miaka ya 1970 na 1980 hunyonya unyevu wa hewa na kugeuka ulimbo. Ukiizungusha, inang'ang'ania kichwa cha kusomea, inalia kama bawaba isiyotiwa mafuta, na inaacha unga wake pale pale, pamoja na data. Mafundi huzioka kwa joto la nyuzi 50 na kitu kwa saa nyingi, kisha huzisoma upesi kabla hazijanyonya tena. Umeme ukikatika na kiyoyozi kikazimika wiki nzima Machi, kabati la tepu lilikuwa limekwishaanza kuoza huku sisi tukipiga simu kwa mafundi. Kadi nazo zilivimba kwa unyevu na kukwama mdomoni mwa mashine, lakini kadi iliyokwama unaichomoa na kuitoboa upya.

Diski zina historia ndefu kuliko vijana wanavyodhani. RAMAC ya IBM ya mwaka 1956 ilikuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24, uzito zaidi ya tani moja, na ilibeba herufi milioni 5. Faida yake ilikuwa kufikia rekodi moja bila kupitia zote zilizotangulia. Kwetu diski za maana zilikuja marufuku ile ilipokwisha kulegezwa, na data zilipohamia humo zilihamia na upana wao. Faili za mishahara tulizoweka kwenye diski zilikuwa na rekodi za herufi 80, jina nafasi 20, mwaka tarakimu mbili. Hakuna aliyezibana tena; nafasi ilikuwepo tele. Ziliachwa hivyo kwa kuwa programu zilizozisoma zilitazamia hivyo.

Deni la mwaka wa tarakimu mbili lililipwa na dunia nzima mwaka 1999. Watu huizungumzia hofu ya mwaka 2000 kama kosa la waandika programu wazembe, na hilo huniudhi. Mtu aliyekuwa na safu 80 alifanya uamuzi sahihi kuacha ile 19. Waliokosea ni waliohama mara tatu, kila mara kwenda kwenye nyumba kubwa zaidi, bila kufungua mizigo. Hata mwaka 1999 wengi hawakufungua. Badala ya kupanua mwaka uwe na tarakimu nne, waliweka kanuni: tarakimu zikiwa chini ya 30, tuseme, hesabu ni miaka ya 2000, zikizidi, ni ya 1900. Baadhi ya kanuni hizo bado zinafanya kazi, na ile 30 inakaribia.

Siku hizi kabati la zamani na jipya huwekwa ubavu kwa ubavu, data zinanakiliwa huku biashara inaendelea, na usiku wa kuamkia siku fulani seva zinaelekezwa upande wa pili. Vijana huchagua Pasaka au Idi, mbali na mwisho wa mwezi. Kazi ya kunakili wanaiweza kuliko tulivyoiweza sisi. Balaa huja pale chombo na programu vinapobadilishwa kwa pamoja. Benki ya TSB ya Uingereza ilifanya hivyo Aprili 2018, ikihama kutoka mfumo wa Lloyds kwenda wa mwenye mali mpya, Sabadell. Data zenyewe zilifika. Jukwaa jipya ndilo lililoshindwa, na watu hadi milioni 1.9 wakafungiwa nje ya akaunti zao. Mwaka 2022 benki ilitozwa faini ya pauni milioni 48.65.

Kuna pia suala la tepu za akiba, ambalo wakuu hawapendi kulisikia wakati wa bajeti. Tepu za LTO, zilizoanza mwaka 2000 zikibeba gigabaiti 100, zinasemekana kukaa miaka 30 zikitunzwa vizuri. Lakini kwa miaka mingi mashine ya kizazi kimoja ilisoma vizazi viwili tu vya nyuma, na ya kizazi cha nane inasoma kimoja. Kwa hiyo anayetupa mashine ya zamani siku anayopokea mpya amezifunga tepu zake na kumeza ufunguo. Mimi husema: ile ya zamani iwekwe, ifunikwe shuka, iwashwe kila baada ya miezi michache, mpaka kipindi cha kisheria cha kutunza hesabu kiishe.

Safari ya mwisho niliyoitwa ilihusu mafao. Mama mmoja mstaafu alikuwa akizungushwa kwa kuwa jina la kwenye kitambulisho cha taifa halikulingana na la kwenye mfumo. Mfumo ulikuwa mpya kabisa, sehemu ya jina ina nafasi 100, na humo jina lake limekaa herufi 20 kamili, la mwisho limekatwa katikati. Kijana aliyekuwa zamu alidhani ni hitilafu ya kuhamisha na alitaka kurudia kazi ya wikendi nzima. Nikamwambia, mwanangu, usirudie kitu, imehama salama. Alikatwa mtu huyu kabla hujazaliwa. Akauliza fomu za mwanzo ziko wapi. Nyingi ziliteketezwa mara tu kadi zilipohakikiwa, kwa utaratibu wa wakati ule. Tukakubaliana kwamba kompyuta haina la kufanya hapo. Kilichobaki ni kuwaandikia wastaafu wote wenye jina la herufi 20 barabara waje na vyeti vyao, na barua za awamu ya kwanza zimekwishapelekwa posta.